Mafundo Mawili ya Garama

Mwaka wa arobaini na sita Changamwe ilikuwa bado na nafasi ya watu kukaa, nasi tulikaa haswa, nyuma ya stesheni, kwa kahawa ambayo sijaipata tena. Mkubwa wetu alikuwa Mwalimu Stambuli wa chuo cha Kurani. Wafula tulimwita Bama, maana alirudi kutoka vita vya Bama na saa ya mkononi. Garama, mchukuzi wa bandarini, alikuwa Gunia. Jioni ile Gunia alikuja na kamba yenye mafundo mawili, uso umemshuka. Mamake alimpelekea kutoka Rabai ikiwa na mafundo kumi: afungue moja kila asubuhi, likiisha la mwisho ni jumwa, siku ya nne ya wiki ya kwao, siku isiyoshikwa jembe. Siku hiyo wangemtambikia marehemu babake, naye ndiye kifungua mimba.

— Hesabu imenipotea, akasema Gunia. Wamenitia zamu ya usiku. Asubuhi yanikuta bandarini, nikirudi nalala kama mzigo. Sijui nimeruka mafundo mangapi.

— Kosa ni hiyo asubuhi, akasema Mwalimu. Siku yaanza jua likitua. Ungefungua magharibi, wallahi usingepotea.

— Siku huanza saa sita ya usiku, Mwalimu, akasema Bama.

— Nani yu macho saa hiyo aione ikianza?

— Hii saa. Imevuka bahari, haijakosea.

— Basi ikwambie jumwa ni lini, akasema Gunia.

Bama akaiweka sikioni.

— Inajua siku saba tu. Wiki yenu ya siku nne yaenda mbio, Gunia. Ndiyo maana mwazeeka upesi.

— Hata! akasema Mwalimu. Mwenye wiki fupi hupumzika mara nyingi. Huyu aweza kuwa na miaka mia, asijijue.

Tulicheka, hata Gunia mwenyewe. Nakikumbuka sana kicheko kile.

Garimoshi likaingia. Akashuka mama mmoja wa Rabai na kikapu cha ndimu, Gunia akainuka upesi.

— Shikamoo, mama Kahaso. Leo ni siku gani huko kwetu?

— Marahaba. Jumwa ilikuwa jana, mwanangu.

Gunia akakaa.

— Wazee walikungoja mpaka jua likatua, akasema mama Kahaso. Mamako awaambia, ngojani, Garama yuaja. Mwisho wakatambika bila wewe. Kesho narudi. Nimwambie ulikuwa wapi?