Namba Moja, Waitikiaji Wawili

Miaka thelathini na minne kamili! Tarehe thelathini Juni, Fundi Waya anakabidhi funguo za karakana ya hospitali yetu. Nimeombwa niandike mimi, kwa kuwa nilifua mashuka hapa miaka mingi na ninamjua kuliko nyote: nimemzaa. Msiseme najisifu. Darasa la saba langu linatosha kuusema ukweli.

Alianza kwa kubadilisha balbu. Leo pampu za maji, kengele za wodini na mafriji vinaendeshwa na vidude vyake vya Wi-Fi, vidogo kama kiberiti. Kompyuta hukiita kidude kwa namba yake, nacho hujibu neno moja. Vyake huitikia “Abee”, kama binti aliyelelewa akaleleka. Aliyemlea mnamjua. Vya marehemu Koleo, fundi aliyemfunza kazi, viliitikia “Naam”, na wawili hao walitaniana kutwa watoto wa nani wana adabu zaidi.

Mwaka jana, saa nane mchana, friji la damu likaanza kupata joto. Katika chumba cha upasuaji mama mjamzito alikuwa anavuja damu, anasubiri chupa za damu zilizomo frijini. Fundi akatuma amri ya kuwasha mota ya akiba. Jibu likaja papo hapo, mota kimya. Akatuma tena. Kimya. Bwana wa maabara akamcheka kwamba mwanawe ana adabu lakini kiziwi. Hapo ndipo alipolisoma jibu vizuri.

“Naam.”

Koleo tulimzika miaka minne nyuma.

Binti yangu akakichomoa kidude cha friji, akakishika mkononi, hakina umeme wowote. Akaiita namba ile ile. “Naam.” Bwana wa maabara, na maneno yake yote, akaaga kwamba anafuata koti lake. Kwa joto lile!

Mtambo wa mtandao ulionyesha kwamba anayeitikia yuko jengo la zamani, lililofungwa tangu paa libomoke. Akaenda peke yake. Chumba cha picha za eksirei kilikuwa na vumbi nene, hakuna unyayo hata mmoja, na ukutani taa ya kijani ya kidude ikikonyeza. Chini yake kipande cha plasta ya vidonda chenye mwandiko wa Koleo: namba ya friji. Mafundi wa paa walikuwa wamerudisha umeme asubuhi hiyo. Na siku ya mazishi mwanangu alizifuta namba za Koleo daftarini, kana kwamba vyombo hufa na mwenyewe, kisha akakipa kidude cha friji namba mojawapo. Basi kila ujumbe ulikwenda kwa marehemu.

Jambo moja hajalipatia jibu mpaka leo: plasta ile haikuwa na vumbi.

Akaomba radhi kwanza, ndipo akachomoa. Akarudi mbio, akakiwasha kidude chake, akaita. “Abee.” Mota ikanguruma. Wiki iliyofuata akaifungia swichi ya mkono, akikiri mbele ya wakubwa kwamba kuiacha bila swichi lilikuwa kosa lake. Wangapi hukiri?

Mwanangu, hospitali inakushukuru, na mimi nakushukuru mara mbili. Kapumzike, ulale mpaka jua likuchome, afya isikupungukie. Zawadi yako leo inaletwa na yule mama wa chumba cha upasuaji. Amembeba mwanawe, kwa hiyo ipokee kwa mikono miwili, mtoto asiamke.