Baikuntha Pradhan, Kaka Aliyejibu "Narudi"

Jumatano hii, tarehe kumi na mbili Machi, Bwana Baikuntha Pradhan anastaafu baada ya kulitumikia kundi letu la maigizo la Kusumpada kwa miaka thelathini na minane. Miaka yote hiyo amecheza nafasi moja tu: mwana mkubwa wa mfalme, yule anayenyimwa ufalme kwa ajili ya mtoto wa mke mdogo, kisha anakwenda kuishi msituni bila kunung'unika ili neno la baba yake lisivunjike. Kwangu mimi ni baba mkubwa. Nimepewa kazi ya kuandika kwa kuwa nimesoma Kiodia, lugha ya kwetu, na Kiingereza, na pia, nadhani, kwa kuwa mtu anayenyamaza wakati wa kula hudhaniwa ana la kuandika.

Babu, mwanzilishi wa kundi, alikuwa na wake wawili. Baikuntha ni wa mke mkubwa. Dibakar, baba yangu na kiongozi wetu wa sasa, ni wa mke mdogo. Babu alipokuwa mahututi, bibi mdogo alimwomba nyumba na kundi vyote viende kwa Dibakar, na babu akaitikia. Watu walitegemea ugomvi. Baba mkubwa alisema, "Mzee ameshasema, basi," akabeba godoro lake hadi chumba cha mavazi nyuma ya jukwaa. Yupo humo mpaka leo, pamoja na mataji, pinde za mbao na panya.

Hakuoa. Akiulizwa hujibu, "Nani atampa binti yake mtu anayefukuzwa kila mwaka?"

Mji huu haujawahi kumtenganisha na nafasi yake. Msimu mmoja, mke wa fundi cherehani alimkuta kibandani anakula maandazi ya dengu, akampokonya mkononi. "Wewe si uko msituni? Kula matunda!" Siku zote za michezo akala ndizi na mapapai, na hakuna aliyethubutu kumuuzia hata chai. Mara nyingine mbuzi wa jirani alipanda jukwaani akautafuna msitu wote, majani na maua, na baba mkubwa akamwambia mbele ya watu, "Karibu, ndugu. Nawe wamekufukuza?" Vijana aliowafundisha kutembea, kulia na kufa jukwaani sasa wamejaa katika makundi ya wilaya nzima.

Nafasi ya mdogo mtu, yule aliyepewa ufalme na anayemfuata kaka yake msituni kumsihi arudi, huchezwa na baba. Analia vizuri sana. Kuna watu huja kutoka vijiji vya ng'ambo ya mto kwa ajili ya machozi hayo tu.

Mwezi wa kwanza baba aliitisha kikao. Akasema Baikuntha amechoka, magoti yanamsumbua, na nafasi ichukuliwe na Lokanath, kaka yangu. Chumba cha mavazi kitawekwa jenereta na spika. Mama alisema, "Shemeji atalala wapi?" Baba akasema, "Tutaona." Sijasikia kikao kingine cha kuona.

Basi jioni ya mwisho ya michezo, mbele ya mji mzima, baba alipiga magoti kama kawaida, akashika miguu ya kaka yake.

"Rudi, kaka! Nyumba bila wewe ni gofu!"

Kina mama wakaanza kufuta macho. Jibu tunalijua sote, hata watoto wadogo: siwezi, neno la baba. Baba mkubwa akamtazama utosini, akasema, "Haya. Nimekubali. Narudi."

Mpiga ngoma akapoteza mdundo. Baba akabaki chini, mdomo wazi, chozi limesimama shavuni.

"Mpokee basi!" akapaza sauti bibi Jema, muuza maua. "Kila mwaka unamlilia, leo kakubali, umeganda nini?"

Watu wakacheka. Halafu wakaacha, kwa sababu baba hakuwa amejibu, na habari za chumba mji wote ulikuwa nazo. Mimi nilikuwa kando ya pazia nimeshika kitabu cha kuwakumbusha waigizaji maneno, na humo hamkuwa na neno la kumpa baba. Nilitaka aseme "Twende" tu. Angelisema kama mchezo, kesho yake tungeligeuza kuwa kweli.

"Kaka," baba alinong'ona, na kipaza sauti kikaupeleka mnong'ono hadi barabarani, "usiniharibie mchezo."

Baba mkubwa akacheka kidogo, akampigapiga begani. "Siwezi, mdogo wangu," akasema kwa sauti yake ya siku zote. "Neno la baba." Akaingia nyuma ya pazia, akiwa tayari anafungua taji. Alipofika nilipo akasema, "Nilitaka kujua tu, mwanangu." Akaniuliza kama kuna maji ya kunawa.

Baada ya sherehe ya kumuaga, baba mkubwa atapanda basi la kwenda mji wa Balangir. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani ana duka la vitambaa huko na amempa chumba cha juu. Hakuombwa, alijitolea. Si ndugu.

Kwa niaba ya kundi, na ya mama ambaye ameniomba nisisahau kumtaja, ahsante kwa kila msimu ambao wewe ulikwenda msituni badala yetu. Haya atayasoma baba, kwa sauti, mbele ya wageni. Hujivunia kwamba huwa hapitii maandishi kabla ya kuyasoma.

Maisha yawe mema kwako, baba mkubwa. Na baba akifika hapa akaanza kulia, mwache alie mpaka amalize, watu wampigie makofi. Wewe panda basi.