Kona ya Afya, Tafadhali Kimya

Benchi la kahawa linatazamana na maktaba, barabara katikati, na wenyewe hulikalia kama wamerithishwa. Yupo Fundi Saa, ambaye saa za siku hizi hazina haja naye. Yupo Kamanda, mlinzi mstaafu. Na yupo Digrii, mwenye shahada safi na soli zilizokwisha, upara umeshaanza na bado anaitwa kijana. Asubuhi hiyo walikuwa wakiwateta watu wa bondeni, wale wachache wenye lugha yao, waliotengewa Kona ya Afya humo maktabani na wasikanyage.

— Hawataki kusoma, basi, — alisema Fundi Saa.

— Wanaogopa kamera, — Kamanda akapuliza kahawa yake. — Ukishika kitabu cha kifua kikuu, picha yako inaenda makao makuu.

— Makao makuu ya nini?

— Ya kamera!

— Mimi nimesikia vile vitabu vimepakwa dawa, — akadakia Fundi Saa. — Kurasa tatu tu, huzai tena.

— Una watoto tisa, ndugu yangu. Ungewahi mapema.

Digrii hakucheka.

— Nilimfuata mkuu wa maktaba ofisini. Mama yangu wa kule kule bondeni, nikamwambia niajiri, niwasomee watu kwa lugha yao. Eti, "We'll get back to you." Back wapi? Wamenunua viti vya kuzunguka! Nonsense!

Hapo mama mmoja wa bondeni akatoka maktabani, kipeperushi mkononi, mlinzi nyuma yake mpaka getini. Akavuka barabara.

— Shikamoo mama, — Digrii akamtania. — Umeiba nini?

— Marahaba. Nimeiba sauti, mwanangu. Nilimwomba dada mmoja anisomee, tukaambiwa tunapiga kelele. Humo watu husoma kimya.

— Sheria ni sheria, — akasema Fundi Saa.

— Sheria gani, mzee? Asiyejua kusoma asikie kwa pua? Lete, mama.

Digrii akasoma, akigeuza kwa lugha ya mama yake. Ugonjwa wa sukari. Vidonda vya miguu. "Usimkande mgonjwa kwa maji ya moto. Mguu umekufa ganzi, ataungua bila kuhisi."

Mama akamdaka mkono.

— Rudia hapo.

Akarudia, taratibu.

— Mimi namkanda baba yao kutwa mara mbili. Mwanzoni alikuwa anapiga mayowe. Siku hizi ananyamaza tu. Nikasema ahaa, maji yamemkubali.

Kamanda akaweka kikombe chini.

— Vidole vikoje, mama?

— Viwili vyeusi.

— Twende tukamtoe sasa hivi, — Digrii alishasimama. — Hospitali, leo leo.

Mama hakuondoka. Alikuwa akiigeuza ile karatasi, mbele, nyuma.

— Wanangu, hii imekaa humo ndani tangu lini?

Siku Kona ilipozinduliwa, wote watatu walikwenda wakanywa soda za bure.