Bendera Iliyokatwa Skafu

Baada ya miaka thelathini na minane chini ya matumbo ya tramu zetu, Yevsei Lukich Sazykin anastaafu tarehe mosi Oktoba 1988. Waliotaka maneno haya yabandikwe kwenye gazeti letu la ukutani wamesisitiza yawe ya adabu. Haya, tujaribu.

Aliingia karakana hii akiwa amevaa koti la jeshi lisilo na vifungo, akapewa kitengo cha breki. Namna yake ya kupima breki mnaijua: glasi ya chai mbele ya dereva, tramu inakimbizwa, inasimamishwa ghafla. Chai ikimwagika, fundi anarudi chini ya gari bila kunywa. Breki zake hazijamwangusha abiria hata mmoja, ila ulimi wake umewaangusha mameneja kadhaa.

Lakini wengi mlidhani zile safari zake za kiangazi ni kichaa cha uzee. Si kichaa. Mwaka 1941 mji huu ulitoa divisheni nzima ya askari wa miguu: waashi, makarani, madereva wa tramu. Oktoba ile Wajerumani wakatuzingira karibu na Vyazma. Tulionusurika, Yevsei Lukich na mimi tukiwemo, tulitoka wawili wawili, tukitafuna magome ya miti. Bendera haikutoka. Na sheria ya jeshi letu haina huruma: divisheni ikipoteza bendera inafutwa, jina na namba, kama haikuzaliwa. Ndiyo sababu jiwe la ukumbusho pale bustanini lilitaja divisheni zote za mji isipokuwa yetu. Wajane wetu waliweka maua chini ya namba za waume wa wenzao.

Basi kila likizo Yevsei Lukich alibeba jembe akaenda kuitafuta bendera kule kwenye vinamasi vya Vyazma. Mkewe alikuwa akimwambia, "Wenzako wanarudi na rangi ya jua, wewe unaniletea kutu!"

Juni iliyopita tulifika naye kwa bibi mmoja wa kijiji cha huko, Ulita Savvishna. Vita vilipopamba moto, askari wetu aliyejeruhiwa alifia kwenye zizi lake, bendera ameizungusha kiunoni. Bibi aliificha chini ya sakafu mpaka Wajerumani wakaondoka.

"Unayo bado, mama?" Yevsei Lukich aliuliza.

"Nilikuwa nayo, mwanangu. Nimeikata."

"Umeikata?!"

"Shule ilipofunguliwa, mwalimu akataka watoto waape kuwa chipukizi wa chama. Skafu nyekundu ziko wapi? Kijiji kizima hakina hata kitambaa cha kufungia kidonda. Ulitaka niwavike magunia?"

Mwenzetu mmoja aliketi kizingitini. Bendera ya divisheni, imefuliwa kwa sabuni ya majivu, imefutiwa makamasi, imechakaa shingoni mwa watoto!

"Watu waliifia ile, mama!" Yevsei Lukich alimaka.

"Najua. Mmoja nimemzika mimi."

Hapo Yevsei Lukich alivua kofia. Bibi akapenyeza mkono nyuma ya picha ya Mtakatifu Nikola, akatoa kipande chenye namba yetu iliyotariziwa, nyuzi zake bado zinang'aa. "Hiki kiliwawasha shingo, nikakiweka," alisema.

Tulimpelekea mwenyekiti wa kamati ya mji, tukiomba namba yetu ichongwe kwenye jiwe. Alipokiona aliiva uso kuliko kitambaa chenyewe. "Kipande si bendera! Tena kimekaa na watakatifu! Andika maombi, Moskva watajibu." Yevsei Lukich akaandika maombi, akaondoka kimya. Kimya! Hilo nalo lilitushtua, tukadhani anaumwa.

Jumamosi iliyopita akamshika mkono mwashi Gaynutdin, wakaenda bustanini.

"Kibali kiko wapi?" mwashi akauliza.

"Njiani."

"Njia ipi, mzee?"

"Wewe chonga. Mimi nitakisubiri."

Hatukuamini macho yetu. Kufikia mchana namba ilikuwa kwenye jiwe, tarakimu zote tatu. Mwenyekiti alikuja mbio na katibu wake, akakuta wajane wamekwisha kupanga maua chini yake, mmoja amepiga magoti akipapasa tarakimu kama anayemfunga mtu vifungo. Mwenyekiti akavua kofia, akasimama nyuma yao.

Ahsante, Yevsei Lukich. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi na zenye afya, na mgongo usiume. Kibali hakijafika mpaka leo. Kikija, tutakuletea nyumbani.