Mama Sikitu na Meli Iliyozunguka Kisiwa

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya sala ya adhuhuri, Mama Sikitu Jumaine ataondoka kwenye meza yake hapa Agence Upeo, ofisi yetu ya safari mjini Butembo, na Jumatatu hatarudi. Ametumikia miaka thelathini na mmoja. Patron wetu, Papa Gustave, ameniomba niandike maneno machache ya kusomwa siku hiyo, na hilo neno "machache" alilirudia mara mbili kwa sababu ananijua. Nitajitahidi, ila mwanamke huyu kumfupisha ni kazi.

Mama Sikitu ni mtoto wa Beni, wa mtaa wa Beu kabisa, binti wa mzee Jumaine aliyekuwa na malori mawili na maneno mengi. Malori yalishakufa zamani. Maneno alimrithisha binti yake. Mwaka 1994, Upeo ilipokuwa bado kibanda cha mbao karibu na soko, pa kukatia nafasi juu ya malori, walihitaji mtu asiyeogopa madereva. Wakamchukua yeye. Alipanda Butembo na sweta moja, akasema atalivua baridi ikiisha. Sisi watu wa hapa tunajisifia baridi yetu kana kwamba tumeileta wenyewe kutoka Dubai, na mpaka leo sweta hajalivua, ingawa limekwisha kubadilishwa mara kadhaa.

Malori yakafuatwa na mabasi, mabasi na ndege. Wafanyabiashara wakaanza kwenda Dubai, kisha Guangzhou, na mahujaji wa Beni na Butembo wakapitia kwenye meza hiyohiyo kuelekea Maka. Mama Sikitu alijifunza kila njia kwa kuuliza. Ana tabia moja ambayo wateja wapya huishangaa: kabla hajagusa pasipoti anainama kutazama viatu. Tajiri mmoja wa mabati alikasirika sana alipoambiwa viatu vyake vya ngozi ya mamba havifai kwa uwanja mkubwa wa ndege. Alikwenda navyo, akarudi na kandambili za hoteli. Siku hizi akitaka kusafiri, anakuja na jozi tatu ndani ya mfuko, Mama achague.

Msidhani ni malaika. Kiti kizuri cha ofisi ni chake, na ole wako ukikikalia. Kwenye simu anapiga kelele kwa kadiri ya umbali: Beni kwa sauti ya kawaida, Kinshasa kwa nguvu, na akipiga ng'ambo ya bahari, muuza mikate wa upande wa pili wa barabara anajua bei ya tiketi. Nimekaa meza iliyo jirani na yake kwa miaka mingi na sikio langu la kushoto halijambo, namshukuru Mungu.

Lakini nikiulizwa nisimulie kazi moja tu, nitasimulia ya meli ya mwaka huu.

Ilianza na likirimba, kundi la akina mama sita wauzaji wa jumla wanaochangiana na kupokezana. Wamezunguka dunia wakinunua mabeseni na vitenge, na hawajawahi kuona kitu chochote isipokuwa maghala. Mama Delphine, mcheshi wao, aliona kwenye simu picha ya meli nyeupe ikipita katikati ya milima ya theluji, akaja nayo mbio ofisini. "Hii mwaka tutembee tu bure," akasema, "hata kijiko tusinunue!" Mama Kavuo, mkubwa wao, aliinamia picha hiyo. Alipoinua kichwa aliuliza kama hiyo meli inapita Norvège, yaani nchi ya Norwe.

Binti yake Jessica yuko huko kaskazini. Aliondoka hapa kama mkimbizi, akapita kambini Uganda, akapokelewa katika mji mdogo ambao kila mmoja wetu analitamka jina lake kivyake. Karatasi alizopewa zinamruhusu kwenda kote ila nyumbani. Ameolewa hukohuko na Malachie, kijana wa kwetu anayeendesha gari la wanafunzi, na mwaka jana walipata mtoto wa kike. Sasa, kwa akina Mama Kavuo, mtoto hajapokelewa katika ukoo mpaka bibi yake ambebe mgongoni na kuvuka naye mlango wa nyumba ya wazazi wake. Mtoto alikuwa anakaribia kutembea na mlango haujavukwa. Mama Kavuo hakutaka kusafiri peke yake, hajawahi. Wenzake walitaka meli. Ndivyo safari ilivyozaliwa.

Mama Sikitu hakuwahi kupanga safari ya meli ya baridi, wala hakuna mtu Butembo aliyewahi. Alianza na mazoezi. Aliwapeleka akina mama wote sita kwa muagizaji wa samaki wa barafu, wakafungiwa katika chumba cha baridi, kati ya makatoni, wamevaa makoti ya kuazima, huku yeye akiwatazama kwenye kidirisha kuona koti gani linadanganya. Walipotoka, Mama Kavuo alitetemeka mpaka akashindwa kufunga kitambaa chake. "Hii samaki njo iko na bahati," akasema, "ilishakufa." Makoti manne yalirudishwa siku hiyohiyo.

Kisha akaja kwenye swali kubwa. Safari ilikuwa na sehemu mbili, ziara ya nchi kavu na siku za melini, na wenyeji wa Norvège walituuliza ipi itangulie. Karibu wageni wote, walisema, huanza na meli. Mama Sikitu alikataa. Mtu anayetoka kwetu, alieleza, hana hakika ya siku atakayofika, na meli haimsubiri mtu, lakini basi la abiria unaweza kulikamata mbele. Akaweka nchi kavu kwanza: gari moshi, basi la theluji, na siku nzima kwa Jessica. Meli ikaja mwisho. Papa Gustave alisifu. Mimi pia nilisifu.

Machi, mvua ikabeba daraja dogo kwenye barabara ya Kasindi, mpakani na Uganda, wakati akina mama wako Beni, mabegi yamefungwa. Walilala kwa ndugu zake Mama Sikitu kule Beu, wakila na kulalamika, na kila siku iliyopita ilikula siku moja ya ziara. Ujanja wa Mama Sikitu ulikuwa umefanya kazi yake sawasawa: meli iliokolewa. Kilichopotea ni nchi kavu, na ndani yake siku ya Jessica. Alipolielewa hilo alimpigia Jessica simu mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kana kwamba anapiga Beni, na hilo lilitutisha. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, alikuwa amefunga, na midomo yake ilikauka.

Jessica alijitolea kuja bandarini na mtoto, waonane pale meli inaposimama. Sisi ofisini tulifurahi, tukadhani mambo yamekwisha. Mama Kavuo alijibu kwa simu kutoka Beu, na kwa kuwa Mama Sikitu huweka simu yake wazi, tulisikia sote. "Sitaonana na mutoto yangu mu barabara sawa batu ba soko. Nataka niingie mu nyumba yake, nione kwenye analalaka na kwenye anapikiaka. Kama ni bandarini tu, miye narudi Butembo." Na alimaanisha. Alikwisha kumtuma mtu amtafutie gari la kupandia.

Mama Sikitu alisimama mbele ya ramani ya meli iliyobandikwa ukutani. Bandari mbili za kaskazini zilikuwa zimepakana kama mitaa ya Beu na Ruwenzori kule Beni, lakini meli ilichukua saa nyingi kutoka moja hadi nyingine. Akapiga simu Norvège kwa sauti ile yake. Kwa nini? Kwa sababu, walimjibu, meli inazunguka kisiwa kikubwa. Na barabara? Barabara inakata katikati. Na mji wa Jessica uko wapi? Uko hapohapo katikati, kando ya barabara.

Basi mtoto wa mzee Jumaine alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Wenye malori wote wa kwetu wanafanya hivyo. Lori likizunguka kwa njia ndefu ya matope, tajiri anashuka, anapanda pikipiki, anakata kwa njia fupi, anamaliza shughuli zake na kulisubiri lori mbele akinywa chai. Papa Gustave hakucheka. Watu wa meli walikuwa wamesema wazi kwamba atakayeshuka na kuchelewa, ataachwa. "Mama Sikitu, meli ikibaacha, ni jina ya agence njo inazama." Yeye akamjibu kwa upole: "Patron, meli ni lori tu, ila iko mu maji. Niachie hii." Papa Gustave akamwachia.

Daraja likatengenezwa, akina mama wakavuka Kasindi, wakaruka kwa ndege, wakapanda meli. Habari zilitufikia kwa vipande. Baridi ilikuwa kali kuliko ya samaki. Mama Delphine alikuwa ameingia duka la melini na kuomba bei ya jumla ya makoti, na sasa msimamizi wa duka alikuwa anamkimbia. Siku ya kisiwa ilipofika tuliacha kazi zote. Malachie aliwapokea bandari ya kwanza na gari la wanafunzi, wote sita, kwa maana mama haendi kwa binti yake bila wasindikizaji. Theluji ilikuwa nzito na walikwenda polepole. Kwa simu tulihesabu muda pamoja nao, na tulikubaliana: wanaingia, mtoto anabebwa, wanatoka.

Ni nani aliyewahi kuwabana wanawake wa Butembo kwa makubaliano ya namna hiyo? Jessica alipopiga simu, nyuma yake tulisikia mwiko. Walikuwa wamefungua mabegi, wametoa unga wa muhogo, maharage Jessica alikuwa ameyachemsha tangu asubuhi kwa amri yao ya simu, na Mama Delphine alikuwa anasonga ugali. Haiwezekani, walisema, kuingia nyumba ya mtoto na kutoka bila kula. Mama Sikitu aliinuka kitini. "Mubebe na sufuria!" akapaza sauti, na nadhani Norvège walimsikia hata bila simu. "Mutakulia mu gari!" Tukasikia vifuniko, vicheko, mlango, gari likiunguruma.

Mtu mmoja hakutoka. Jessica alisema kwa sauti ndogo kwamba mama yake amevuka mlango na mtoto mgongoni, na sasa amesimama tu katikati ya sebule. Mama Sikitu akaomba Mama Kavuo apewe simu. "Nimemubeba ku mugongo," Mama Kavuo akasema. "Amelala." Papa Gustave alikuwa anatazama saa ya ukutani na jasho linamtoka kwenye baridi yetu yote. Mama Sikitu alimpa mgongo. Kwa sauti ya chini, ambayo mimi sikuwahi kuisikia kwake, alisema: "Basi tembea naye kidogo mu nyumba, Mama. Muonyeshe vyumba vyote. Gari iko hapo, itakungojea."

Tulikaa hivyo. Kwenye simu zilisikika nyayo, mlango mmoja, mlango mwingine, na Mama Kavuo akiimba kidogo kwa Kinande, kwa pumzi, ili asimwamshe mtoto. Mama Sikitu alikuwa analia na hakujifuta. Mimi pia nililia, na Papa Gustave atakana lakini nilimwona.

Meli waliikamata bandari ya pili. Walikuwa wa mwisho kupanda, na sufuria ya Jessica ilipanda nao ikiwa bado ya moto, mabaharia wakiwatazama midomo wazi. Mama Delphine anadai nahodha mwenyewe alionja maharage. Hakuna shahidi wa jambo hilo isipokuwa Mama Delphine.

Tangu Machi tumepokea makundi mengine mawili yanayotaka meli ya baridi, na mpango wanaoupata ni ule wa Mama Sikitu, pamoja na chumba cha samaki. Ametufundisha kazi sote tulio hapa, kwa maneno makali asubuhi na chai yenye sukari nyingi mchana. Sasa anarudi Beu, kwenye joto, kwa wajukuu zake, na sweta tutaona litavuliwa lini.

Mama Sikitu, kwa niaba ya Papa Gustave na wenzako wote, tunakushukuru kwa kila mtu uliyempeleka na kumrudisha. Mungu akupe afya, nyumba yenye amani, na watu wa kuwapigia kelele. Wiki iliyopita Jessica alituma ujumbe na kuomba tukusomee siku ya leo. Mtoto anatembea sasa. Akitaka kulala anamwendea mama yake, anaugonga mgongo wake kwa mkono, anasema "Koko", yaani bibi, na hanyamazi mpaka abebwe na kuzungushwa nyumba nzima, chumba kwa chumba.