Kura ya Kuifuta Windows

Kijiwe chetu cha Makole kina ugonjwa mmoja: kila jambo tunalipigia kura. Ndiyo hasara ya kukaa jirani na Bunge. Jana jioni hoja ilikuwa laptopu ya Anitha, mwanafunzi wa kilimo, ambayo ilikuwa inachukua robo saa kuwaka. Seth, anayejiita Injinia, aliichomeka flashi yake nyekundu yenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na kioo kikauliza: isakinishwe pembeni ya Windows, au diski nzima ifutwe? Nilisisimka kama siku ya fainali, hata kahawa yangu nikaisahau.

— Pembeni, Injinia, — Anitha alisema. — Programu ya takwimu anayoitaka mwalimu ipo kwenye Windows, na ripoti naikabidhi Jumatatu.

— Hoja imetolewa! — alipaza sauti Gerson, tarishi mstaafu tunayemwita Spika. — Nani anachangia?

Iddy wa bodaboda akasimama kabisa.

— Mheshimiwa Spika, pikipiki moja haiendeshwi na madereva wawili! Zitagombana humo. Ukiandika herufi, moja inaiandika, nyingine inaifuta.

— Acha uongo, — Seth alicheka. — Ukiwasha, inakuuliza unataka ipi. Moja inafanya kazi, nyingine imelala.

— Imelala, ila inasikiliza!

— Halafu nembo yake ni pengwini, — Spika akaongeza. — Ndege wa barafu. Kwa jua hili la Dodoma? Laptopu itavimba.

— Basi tumpe nafasi! — Iddy akaja juu. — Windows ifutwe, ndege akae peke yake apate hewa.

— Jamani, ripoti yangu!

— Si uliinakili asubuhi kwenye flashi yangu? — Seth alisema. Hata yeye alishanogewa. — Tukifuta yote itapaa, Anitha. Programu ya takwimu nitakutafutia nyingine.

Anitha aliitazama ile laptopu iliyomtesa miaka mitatu.

— Kweli itapaa?

— Utaisahau Windows!

— Wanaoafiki ifutwe waseme ndiyo!

— Ndiyooo!

Nami nilisema ndiyo, tena huku nagonga benchi. Seth akasogeza kidole kwenye kitufe. Hapo hapo bajaji ikasimama, akashuka Mama Loisi, mkulima wa Makutupora, na ndoo yake ya zabibu. Anitha aliruka kumpokea.

— Shikamoo mama! Jamani, huyu ndiye mwenye shamba la kwenye ripoti yangu. Msimu mzima tumehesabu naye vichala, mzabibu mmoja mmoja.

— Marahaba mwanangu. Haya, ile kazi yetu iko wapi niione?

— Ipo kwenye flashi, mama.

— Flashi ipi?

— Ya Seth. Ile nyekundu.

Wote tuliitazama flashi nyekundu, imechomekwa ubavuni mwa laptopu, inawakawaka.

— Injinia, — Spika aliuliza taratibu, — hiyo Linux uliiweka humo lini?

— Mchana.

— Na vilivyokuwamo?

— Nilivi... flashi lazima uisafishe kwanza.

Anitha alishika kichwa. Ripoti ilikuwa imebaki sehemu moja tu duniani: ndani ya Windows tuliyokwisha kuipitishia kura ifutwe. Kidole cha Seth kilikuwa bado juu ya kitufe.

— Kwa hiyo iko wapi? — Mama Loisi aliuliza tena, kwa upole.

Iddy aliangalia viatu vyake. Niliona aibu, maana sauti yangu ya ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Spika akakohoa.

— Wasioafiki?

— Siyooo! — tulipiga kelele benchi zima, na Anitha akaivuta laptopu, akaipakata.