Mgeni Asiulizwe Jina

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

CHIRIKU: Haire, mama.

MAMA: Nani?

CHIRIKU: Mimi, Chiriku. Haire ni salamu ya Wagiriki wa kale. Mwalimu wa historia katufundisha leo. Na wewe unatakiwa uitikie—

MAMA: Chiriku, niko kazini. Mashuka ya hoteli nzima yananisubiri hapa, na pasi imeshapata moto. Hii simu ya nani?

CHIRIKU: Ya mgeni. Nimeiazima. Majani ya chai uliyaweka wapi?

MAMA: Mgeni gani?

CHIRIKU: Aliyekuja hapa nyumbani. Yuko sebuleni, anakula. Nimempashia wali.

MAMA: Ngoja. Uko ndani ya nyumba na mtu?

CHIRIKU: Ndiyo. Mwanamume, mtu mzima. Kwanza nilimpa beseni akanawa miguu, maana alikuwa na vumbi mpaka—

MAMA: Anaitwa nani?

CHIRIKU: Sijui. Sijamuuliza.

MAMA: Hujamuuliza? Mtoto wewe, umemwingiza mtu ndani hata jina lake—

CHIRIKU: Hairuhusiwi, mama. Wagiriki walikuwa hawamuulizi mgeni jina kabla hajala. Kwanza maji, halafu kiti, halafu chakula. Jina mwisho. Na kwao neno ni moja tu, ksenos, awe mtu usiyemjua au aliyekutembelea. Kama sisi, mgeni ni mgeni tu. Halafu mungu wao mkubwa, Zeu, alikuwa anajigeuza msafiri mchafu, anagonga milango, anawapima watu.

MAMA: Zeu hapajui kwangu.

CHIRIKU: Mwalimu alisema tukafanye mazoezi nyumbani.

MAMA: Alisema mkafanye na majambazi? Huyo mwalimu kesho atanieleza vizuri, ananijua hanijui. Sasa sikiliza. Ongea polepole. Toka kwa mlango wa jikoni, nenda kwa fundi cherehani, ukae hapo mpaka—

CHIRIKU: Fundi kamwona.

MAMA: Kamwona akamwacha?

CHIRIKU: Alitoka na futi yake shingoni, wakashikana mikono muda mrefu. Fundi akaonyesha tu huku kwetu.

MAMA: Huyu fundi naye ana akili sawasawa? (mtandao unakwaruza) Chiriku? Chiriku, unanisikia?

CHIRIKU: Nakusikia kwa mbali.

MAMA: Mlango ulimfungulia wewe?

CHIRIKU: Nilijaribu, ukakwama kama kawaida. Nikamwambia azunguke uani. Yeye akaunyanyua kwa goti, akausukuma na bega. Ukafunguka.

MAMA: Kwa goti.

CHIRIKU: Ndiyo. Hata mjomba hawezi, kila akija anazunguka.

MAMA: (kwa mtu wa pembeni) Dada, zima hiyo mashine. Zima, nakuomba, sisikii. (mlio unakoma) Chiriku, mwanangu. Huko anakokula. Kijiko kakishika mkono gani?

CHIRIKU: Wa kushoto, kama mimi. Nilimwambia shuleni wananicheka. Akasema nisibabaike nao.

MAMA: Amekuuliza kitu kingine?

CHIRIKU: Aliuliza wewe uko wapi. Halafu akauliza baba yuko wapi.

MAMA: Ukamjibu nini?

CHIRIKU: Unavyoniambia siku zote. Kwamba baba alikufa mimi nikiwa nanyonya.

MAMA: Ukamwambia hivyo. Yeye.

CHIRIKU: Si ndivyo ilivyo?

MAMA: Akasemaje?

CHIRIKU: Alikaa chini pale kizingitini. Halafu akaomba maji.

MAMA: Ee Mungu wangu.

CHIRIKU: Mama, ni mtu mbaya?

MAMA: Hapana. Sijui. Mtu ananyamaza miaka na miaka, salamu hatumi, unamlilia mpaka unachoka, halafu siku moja anakuja kusukuma mlango kwa goti. Mtu kama huyo anaitwaje? Sijui, Chiriku.

CHIRIKU: Unamwogopa?

MAMA: Yeye simwogopi.

CHIRIKU: Sasa unaogopa nini?

MAMA: Nakuogopa wewe.

CHIRIKU: Mimi? (anacheka kidogo) Mimi nimefanya nini?

MAMA: Hujafanya kitu. Umefanya vizuri, maji, kiti, chakula, vyote. Naondoka sasa hivi. Nimeshavua aproni. Nitatafuta pikipiki hapo nje.

CHIRIKU: Na mashuka?

MAMA: Yatajikunja yenyewe. Majani ya chai yako nyuma ya—

CHIRIKU: Ngoja nichungulie. Mama, amemaliza kula. Ameisukuma sahani. Sasa naruhusiwa kumuuliza. Niache simu wazi usikie mwenyewe jina lake?

MAMA: Usimuulize.

CHIRIKU: Si wewe ndiye ulikuwa unataka—

MAMA: Nilikuwa nataka. Sasa sitaki. Usimuulize jina, Chiriku, naomba.

CHIRIKU: Unaniomba?

MAMA: Nakuomba. Jina nitakutajia mimi. Nitakaa na wewe, nitakutajia, halafu utasema utakalosema. Lakini lisitoke kwake kwanza. Lisitoke kwake nikiwa barabarani.

CHIRIKU: Mama, unalia?

MAMA: Mpakulie tena.

CHIRIKU: Ameshiba lakini. Amesema asante.

MAMA: Mpakulie, nasema. Uliyeanza haya mambo ya Wagiriki ni wewe. Mtu akiwa bado anakula haulizwi, au sivyo?

CHIRIKU: Ndivyo. (simu inalia ti-ti-ti) Mama, salio lake linaisha.

MAMA: Nenda basi. Usikate. Mwambie mimi ndiye nimesema aongezwe.

CHIRIKU: (sauti inasogea mbali) Mama kasema nikuongeze. Kasema usiache kula mpaka afike, na nisikuulize jina.

MAMA: Chiriku? Kasemaje? Anainuka? Anaondoka?

CHIRIKU: (anarudi, ananong'ona) Hapana. Amekuangalia— ameiangalia simu. Halafu ameivuta tena sahani.

MAMA: Ameivuta.

CHIRIKU: Ndiyo. Na macho yake yamejaa machozi, sijui kwa nini. Anasema nikuambie uje taratibu, pikipiki zisikuangushe, yeye bado ana nj—

(ti-ti-ti)